Kuhusu Bibi Turubai Kugawanywa Vipande Ishirini na Nne

Clever Silwimba,
Mtaa wa Sogea,
Tunduma.

Kwa Mwenyekiti wa Kikao cha Ukoo,
Baba Mkubwa Josephat Silwimba,
Itaka, Mbozi.

Ndugu Mwenyekiti, ambaye pia ni Baba Mkubwa wangu,

Shikamoo.

Nimeiweka shikamoo kwenye mstari wake peke yake ili isije ikasemwa tena kwamba niliirusha kama mtu anayekimbilia gari.

Naomba radhi kwa mwandiko. Ulisema mwenyewe kwamba lalamiko la ukoo halipokelewi kwa simu, lije kwa karatasi, lisomwe na katibu mbele ya watu wote. Sasa mimi tangu nimalize kidato cha nne sijaandika kitu kirefu kwa kalamu, vidole vimeshazoea kubonyeza tu. Hii ni nakala ya nne. Ya kwanza ilikuwa na maneno makali, ya pili ilikuwa na machozi, ya tatu niliimwagia chai. Katibu wetu, dada Lusungu, nakuomba usome taratibu na usicheke katikati. Hasa ukifika namba nne.

Kwa faida ya wale watakaosikia bila kujua jambo lilikoanzia: marehemu Baba Mdogo Fanuel, aliyenilea na aliyekuwa fundi wa kushona maturubai ya malori hapa Tunduma, aliacha sanduku la bati. Ndani ya sanduku mlikuwa na vitabu vya katuni vya Bibi Turubai, yule mama dereva wa lori anayekamata majambazi kwa kuwafunika turubai na kulifunga kamba. Namba moja hadi namba ishirini na nne. Vilichapwa miaka ya tisini, kampuni ikafa, havikuchapwa tena. Baba Mdogo alikuwa navyo vyote. Nimesema vyote.

Mimi nina tovuti. Najua wengi mkisikia neno hilo mnaangalia pembeni. Niliitengeneza mwenyewe kwa simu, kwa kuangalia video za bure na bando la wiki, bila kufundishwa na mtu, na ndiyo maana kitufe cha kununua kiko chini kabisa ambako hakuna mtu anafika. Inauza vitabu vya katuni adimu. Kwa miezi saba imetembelewa na watu arobaini na mmoja. Kati yao thelathini na nane ni mimi, kwa simu za washkaji tofauti tofauti. Wawili walikuwa wanatafuta gari la kukodi. Aliyebaki ni mteja. Mteja wa kweli kabisa, yuko Dodoma, na anataka Bibi Turubai seti kamili, akaandika kwa herufi kubwa BILA HATA NAMBA MOJA KUPUNGUA. Hela aliyotaja siitaji hapa kwa kuwa barua hii inasomwa mbele ya ndugu. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Nikimkosa huyu, tovuti inakufa na mimi narudi kushika kamba za maturubai, kazi ambayo Baba Mdogo mwenyewe aliniambia sina mikono nayo.

Baada ya maelezo hayo, malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba kikao cha kumaliza msiba, chini ya uenyekiti wako, kilikaa kugawa vitu vya marehemu na kikagawa Bibi Turubai namba moja moja kwa watu ishirini na mmoja, wazee watatu wakapewa mbilimbili ili hesabu ikae sawa. Hesabu ilikaa sawa, sikatai. Kila mtu alishukuru. Ila Baba Mkubwa, viatu vya marehemu alipewa shemeji Nkwabi, vyote viwili. Hakuna aliyesimama kusema cha kushoto kiende Ivuna na cha kulia kiende Isongole ili tusioneane wivu. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu alijua viatu ni kitu kimoja chenye vipande viwili. Basi Bibi Turubai ni kitu kimoja chenye vipande ishirini na nne. Ni kiatu kirefu tu.

Hapa najua utanikumbusha kwamba niliulizwa. Ni kweli, niliulizwa. Ulisema, "Clever, wewe ndiye uliyekaa naye, unaonaje kuhusu vitabu?" na mimi nikajibu, "Sawa Baba Mkubwa, tugawe." Kikao kizima kikanisifu, shangazi Enesi akasema kumbe huyu kijana ana moyo. Naomba leo iingie kwenye kumbukumbu za ukoo kwamba sikusikia swali. Nilikuwa napandisha picha za vitabu hivyohivyo kwenye tovuti, mtandao unasuasua, nimeinamisha kichwa, mkadhani naomboleza. Nilipoinua kichwa, namba tisa ilikuwa inaingia kwenye pochi ya mtu.

2. Kwamba shangazi Getruda wa Isongole, aliyepewa namba moja na namba mbili, amezitia jalada la karatasi ya khaki kama daftari la shule, akagundisha kwa uji wa sembe, na juu akaandika kwa kalamu ya wino: MALI YA GETRUDA. KAKA LALA SALAMA. Nilisafiri hadi Isongole kumweleza kwamba wakusanyaji wa vitabu adimu hupima hali ya kitabu kwa alama kumi, na kwamba kitabu chake kilikuwa na tisa na sasa kina mbili. Akaniuliza, "Na wewe mwanangu, una ngapi?"  Akanipa chai, akanipa na ndizi, akanikataza kushika kitabu kwa mikono yenye ndizi.

Nilisikia vibaya kwa sababu hayo ndiyo maneno niliyokuwa namwambia Baba Mdogo. Siku hizo alikuwa bado mzima, anafungua sanduku jioni baada ya kazi, ananiita, "Njoo tusome." Na mimi namwambia anawe kwanza, ashike kwa ncha za vidole, asikunjue sana. Vitabu vyake mwenyewe. Mwishowe nikavivika vyote nailoni ile ya kufunikia madaftari, nikaibana kwa pasi, vikawa havifunguki. Alinishukuru. Hakuniita tena kusoma. Hili nimeliandika kwa bahati mbaya, dada Lusungu unaweza kuliruka.

3. Kwamba shemeji Nkwabi, huko Ivuna, anayo namba nane, na ameichana nailoni. Anaisoma kwa sauti kwa wachemshaji chumvi wakati wanasubiri maji yakauke. Ikiisha anarudia. Wengine wasiojua kusoma wameshaishika kichwani, mmoja anaigiza sauti ya lori. Nilipompigia kumwomba aniuzie, alisema kitu cha marehemu hakiuzwi, ila kama nina shida sana ataniletea beberu, na kitabu kibaki palepale. Yaani mimi nataka kununua, yeye ndiye anataka kunilipa! Nimeomba basi anitumie picha nione hali yake. Picha imekuja. Ukurasa wa kumi una alama ya sufuria, na jambazi mkuu hana kichwa, kimeliwa na mbuzi. Beberu niliyeahidiwa ndiye mtuhumiwa.

4. Kwamba ndugu wamekuwa wakipigiana simu nyuma ya mgongo wangu. Namba nane inaishia Bibi Turubai ananing'inia darajani. Namba tisa anayo dada Lusungu, ng'ambo, Nakonde. Basi Nkwabi kutoka Ivuna anampigia Lusungu, simu inavuka mpaka na gharama zake, Lusungu anapokea kwa mulishani ndefu, salamu ya huko ng'ambo, kama yuko kwake peke yake, halafu anamsomea kipande kimoja tu, anakata. Kesho tena. Lusungu naye akimaliza namba yake anamtafuta mwenye namba kumi, Ezron, ambaye kila mtu anajua hawajasalimiana tangu ule ugomvi wa mahindi. Sasa wanasalimiana. Wanaulizana na hali za watoto. Mimi ninayemiliki tovuti yenye ukurasa mzima ulioandikwa WASILIANA NASI, hakuna aliyewasiliana nami. Namba yangu iko pale kwa rangi nyekundu.

Dada Lusungu, najua umefika hapa na unacheka. Endelea kusoma.

5. Kwamba wewe mwenyewe, Mwenyekiti, unazo namba ishirini na tatu na ishirini na nne, yaani mwisho wa hadithi, na umetangaza kanisani, baada ya matangazo ya ndoa, kwamba "mwisho ninao mimi, na sitausema hadi ukoo mzima ukutane Itaka kwenye kumbukumbu ya mwaka." Matokeo yake watu ambao hawakuja kwenye msiba wenyewe wameshakata tiketi za kumbukumbu. Nyumba ya Itaka haitatosha. Baba Mkubwa, mimi nilifundishwa na video kwamba bidhaa adimu huongezeka thamani ikifichwa. Wewe hukuangalia video yoyote, na umenipita mbali.

Kutokana na hayo, naleta maombi yafuatayo kwa heshima zote:

Kwanza, kikao kiitishwe upya, na itungwe sheria ya ukoo kwamba kitu chochote chenye namba mfululizo kihesabiwe kuwa kimoja.

Pili, hadi kikao kikae, ndugu wote waache kusoma. Atakayeonekana amefungua kitabu, apewe onyo. Atakayeonekana anacheka, kitabu kirudi. Kusimuliana kwa simu nako kuzuiwe, kwani hadithi ikishajulikana na watu ishirini na mmoja haiwezi tena kuitwa adimu.

Tatu, kwa kuwa vitabu hivi vilikuwa kamili wakati mwenyewe akiwa hai, na kwa kuwa njia pekee ya kuvifanya kamili ni mwenyewe awepo, naomba kikao kinihesabu mimi kuwa ndiye marehemu. Nitakaa kwenye nafasi yake, nitapokea vitabu vyangu vyote, nitasaini. Nimepiga hesabu ya matatizo yanayoweza kutokea. Wewe utaniita mdogo wako. Shangazi Getruda ataniita kaka. Viatu Nkwabi abaki navyo, sina kinyongo, marehemu mwenzangu alivaa namba tisa na mimi navaa saba.

Natumaini ombi la tatu halitaonekana kubwa. Nimelipunguza. Kwenye nakala ya kwanza nilikuwa nimeomba na kitanda.

Nakutakia kikao chema na masikio mapana. Mama Mkubwa mpe shikamoo yake, mwambie kahawa aliyonipa niliifikisha salama. Shangazi Getruda shikamoo, chai ilikuwa tamu. Shangazi Enesi shikamoo, ule moyo ulioniona nao samahani. Shemeji Nkwabi na wachemshaji chumvi wote, habari za kazi. Ezron, mambo vipi, pole na mahindi. Watoto wa Itaka nawasalimu mmoja mmoja, katibu awataje. Na beberu.

Wako mtiifu, mfanyabiashara wa kimataifa kwa maana ya Tunduma na Nakonde,

Clever Silwimba

N.B. Baba Mkubwa, naongeza haya nikiwa stendi, konda wa gari la Mbozi anasubiri bahasha na amenikunjia uso.

Asubuhi hii mteja wa Dodoma aliniandikia kuniuliza kama kurasa za kila kitabu zimetimia. Mimi mgao wangu ni namba kumi na tano, na ilikuwa bado kwenye nailoni. Nikachukua wembe, nikakata pembeni taratibu, nikahesabu kurasa. Zimetimia, thelathini na mbili.

Shida ni kwamba nilizisoma.

Sikuwahi kusoma hata moja, Baba Mkubwa. Miaka yote ile. Nimeisomea hapa kwenye benchi la stendi, mkono mmoja chapati, na nikacheka peke yangu hadi mama muuza maji akahamisha ndoo. Ukurasa wa kumi na tatu Baba Mdogo ameandika pembeni kwa penseli, "turubai halifungwi hivi." Halafu amechora linavyofungwa.

Sasa Bibi Turubai amefungiwa ndani ya tenki la mafuta, lori liko kwenye foleni ya mpaka, na yule karani tuliyekuwa tunamwamini ndiye mwenye funguo. Inaishia hapo! Nimemwandikia mteja kwamba seti haiuzwi, ina wenyewe ishirini na mmoja. Kanijibu matusi, ana haki.

Kwa hiyo naomba malalamiko ya kwanza hadi ya tano yafutwe, na maombi yote matatu. Dada Lusungu, kama umeshayasoma, waombe wasahau. Naomba kitu kimoja tu. Nani ana namba kumi na sita? Usiniambie kinachotokea. Nitajie jina tu, na mwambie asitoke nyumbani, niko njiani.