Appolinaire Anaajiri Mkaguzi wa Moto

Vibanda vya nguo vilipoungua Mbarara mjini, watu walikimbilia ndoo za maji. Appolinaire alisimama pembeni, akisikiliza. Alikuwa Mkongo wa Uvira aliyeishi kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mwenye ulimi laini na suti moja ya kijivu, na riziki yake ilitoka kwa watu wenye tamaa. Siku hiyo Mungu alimletea Hudu, mwenye duka la vyombo vya umeme, aliyekuwa akipiga kelele: "Kama mimi ndiyo mkaguzi ya moto, hii mji yote ingeniogopa!"

Kesho yake Appolinaire akaingia dukani kwake.

"Patron, kuko kazi ya mukaguzi wa moto. Banatafuta mutu moja tu."

"Mshahara?"

"Kidogo. Lakini mukaguzi anaweza kufunga duka yoyote yenye haina mulango wa nyuma."

Hudu akayatazama maduka ya jirani zake, moja baada ya jingine, kama mtu anayechagua nyama buchani.

"Ssebo, bwana, nani anapeana hii kazi?"

"Kamati. Bale habataki feza, banaogopa. Lakini televizio na jenereta haviwezi kubasumbua roho."

Vyombo vikapakiwa siku hiyohiyo. Yakabaki masomo ya kumfundisha Hudu majibu ya usaili, maana Appolinaire hakupenda kazi mbovu. Usaili ulifanyika katika chumba cha gesti. Mwenyekiti wa kamati alikuwa binamu yake Sidonie, muuza maandazi wa kambini, aliyeazima miwani na kuongea Kifaransa kitupu. Appolinaire alikuwa mkalimani.

"Ukikuta magunia yameziba mulango, utafanya nini?"

"Nafunga hiyo duka."

"Na mwenye duka akikuletea kuku?"

"Nauliza, kuku moja tu?"

Appolinaire akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Hudu akakumbuka masomo. "Nakataa! Naandika ripoti!"

Sidonie akainamisha kichwa kwa heshima kubwa, akamvalisha kofia nyekundu. Hudu alitoka pale akitembea katikati ya barabara.

Appolinaire naye alirudi Nakivale akafungua banda la sinema kwa televizio ile na jenereta ile. Banda lilijaa kila siku. Watu walianza kumwita Mkurugenzi, naye akaanza kuitika.

Mchana mmoja, katikati ya filamu ya makonde, mlango ulifunguliwa. Kofia nyekundu ikaingia, na Hudu chini yake.

"Simamisha mashine! Mkaguzi ya moto!"

Appolinaire akakimbilia mlangoni. Hudu akamvuta kando, akanong'ona akitabasamu.

"Nilienda ofisini kuuliza mshahara. Walinicheka mpaka wakalia."

"Patron, niache nikueleze…"

"Usieleze. Majibu yenye ulinifundisha ni mazuri sana. Mbarara yote wananipa chai. Leo nimekuja huku." Akaigonga jenereta kwa kidole, taratibu, kama mtu anayemsalimia jamaa yake. "Sema mimi mwongo. Halafu sema nani alinipa hii kofia."

Appolinaire akatazama huku na huku. Aliwaona polisi wa kambi wawili wakiangalia filamu mstari wa mbele. Akampisha Hudu apite.

Hudu akawageukia watu. "Hapa moto ikitokea, mnatoka wapi?"

"Hakuna fasi ya kutokea!" wakaitikia kwa pamoja, kwa furaha, kama wako kanisani.

"Mkurugenzi atoboe mlango mkubwa. Sasa hivi! La sivyo nafunga."

Appolinaire alivua koti la suti, akapewa nyundo. Alibomoa ukuta kwa mikono yake mwenyewe, umati ukimshangilia na Sidonie akiwauzia maandazi. Hudu alisimamia kazi hiyo ameketi kwenye kiti cha mwenye banda, kisha akaondoka na kuku wawili wa majirani ambao nyumba zao nazo zilikuwa na mlango mmoja.

Mlango mpya ulikuwa mpana kuliko ule wa zamani, tena ulitazamana na bomba la maji ambapo kambi nzima hupanga foleni. Filamu ikawashwa tena. Waliokuwa nje wakageuza madumu yao, wakayakalia, na waliokuwa wamelipa ndani wakatoka mmoja mmoja kuungana nao, kwa sababu nje palikuwa na hewa nzuri na hapakuwa na kiingilio.