Nyonga za Komesha

Siku hiyo redio ya Drusilla muuza chai ndiyo ilianza matata. Ilikuwa saa ya chai hapo Masimba, mvua imekatika sasa hivi, na benchi limejaa watu wenye kesi zisizo na hakimu. Mtangazaji akasema, kwa sauti ya kutangaza msiba, kwamba daktari wa mifugo anawaonya wenye mbwa wakubwa: acheni kukimbiza watoto wa mbwa, acheni kuwarukisha mageti, acheni kuwanenepesha, mnaharibu nyonga zao.

Gibson, anayeitwa Bunge kwa sababu akipewa nafasi ya kuongea hairudishi, karibu amwage chai.

"Ati nyonga? Mbwa ako na nyonga?"

"Kwani ulidhani miguu ya nyuma imebandikwa na gundi?" Jeconia akamuuliza. Huyu ni mtu wa kando ya ziwa, anatengeneza simu mlango wa pili, na wanamwita Ofisa kwa sababu hajawahi kuonekana bila tai.

Nyasani akanyamaza. Hilo peke yake lingetosha kuwashtua, maana Nyasani, Komanda kwa watu wa benchi, hajawahi kunyamaza mbwa akitajwa. Tangu amlete mbwa wake Komesha kutoka Manga, kadogo kanatoshea kwa kikapu, habari ilikuwa hiyo tu. Komesha amemaliza sufuria ya ugali. Komesha ameruka geti. Komesha amefungwa kamba nyuma ya pikipiki, amepanda mlima wote bila kupumua. Watu walicheka, lakini wezi walisikia, na tangu hapo hakuna mkungu uliokatwa shambani mwake. Zamani ndizi zake zilikuwa zinalala kwake, zinaamkia soko la Ogembo.

Ambacho benchi halikujua ni kwamba asubuhi hiyo Komesha alishindwa kuinuka. Mbele iliinuka, nyuma ikakataa. Daktari alimpapasa mapaja, akamtazama Nyasani kama mzazi aliyepeleka mtoto wa nasari jeshini. Asikimbie. Asiruke. Apunguziwe ugali. Atembezwe polepole kila siku, kwa nyasi, mahali tambarare.

Tambarare! Shamba la Nyasani limesimama kama ukuta. Ukiangusha kiazi huku juu, unakiokota kwa jirani. Tambarare ya Masimba aliyoijua ilikuwa moja tu, uwanja wa kanisa, nao ulitazamana na hili benchi.

"Ati watembezwe na kamba," Bunge akaendelea. "Polepole, kama bibi harusi. Halafu? Tuwatafutie mama wa kuwakanda?"

"Omera, ndugu yangu, wengine wanaogeleshwa kabisa," Ofisa akasema. "Maji inabeba uzito, nyonga inapumzika."

"Yaya, hapana! Waogelee? Mimi nimelipa ushuru miaka yote na sijui kuogelea!"

"Hata wewe ungepunguza ugali," Drusilla akasema, akimjazia kikombe.

"Mama, hiyo ni ya mbwa wakubwa. Mimi si mbwa."

"Lakini mkubwa uko."

Benchi likacheka mpaka mguu wake mmoja ukalia. Bunge akatafuta mtu wa kumwangukia.

"Komanda! Mbona umekaa kama umemeza kijiko? Hiyo yako si imekimbizwa mpaka pikipiki ikaomba maji?"

"Komesha ako sawa."

"Nyonga?"

"Chuma."

"Na mbona leo hamkupita? Nimengoja nicheke, wapi."

"Leo ako likizo."

"Likizo! Drusilla, wewe ushawahi enda likizo?"

"Tangu niolewe, hapana."

"Sikiza, omogaka, mzee wangu," Bunge akainama karibu, lakini sauti akaiacha juu. "Kama hiyo mbwa imelegea, sema tu. Hapa kuna watu wanapenda ndizi."

Nyasani akaiona mikungu yake ikishuka Ogembo, mmoja nyuma ya mwingine. Akafungua mdomo adanganye tena. Hapo ndipo Drusilla akadondosha kikombe.

Ng'ambo ya barabara, Komesha alikuwa anakuja. Ametoboa ua, amefuata harufu ya bwana wake. Hakukimbia. Alikuja polepole, kiuno kinayumba huku na huku kama mama aliyebeba ndizi kichwani, ulimi nje, furaha tele.

Siri imeisha, Nyasani akajiambia.

Alipogeuka, benchi lilikuwa tupu. Ofisa amejifungia dukani, tai imebanwa na mlango. Drusilla amejikinga na sinia. Bunge yuko juu ya meza, mguu mmoja ndani ya beseni la mandazi.

"Shuka bana," Nyasani akasema kwa unyonge. "Si umeona anavyotembea? Nyonga imeisha. Nimekubali."

"Redio imesema nyonga!" Bunge akalia. "Haikusema meno!"

Komesha akapiga mwayo. Bunge akayaona yote, mpaka ya nyuma kabisa.

Nyasani akamwangalia Bunge, akamwangalia mbwa. Akachomoa mshipi, akaufanya kamba, mkono mwingine ukashika suruali. Wakavuka kwenda uwanja wa kanisa. Vijana wa mpira waliwaona mapema, wakaacha mpira, wakaacha na viatu. Nyasi yote ikabaki yao wawili, laini, tambarare.

Katikati ya uwanja Komesha akasimama. Akageuza kichwa kuelekea kwa mandazi, masikio juu, akavuta mshipi.

"Komanda!" sauti ikapaa kutoka juu ya meza. "Polepole! Daktari amesema asikimbie! Kwani unataka kuharibu nyonga ya mtoto wa wenyewe?"