Muhuri Wangu wa Mpingo

Jumatatu, 11 Februari 2008. Kawangware.
Soko la Toi limeungua, na kibanda cha mke wangu Mukai kimeenda nalo. Anauza mitumba juu ya gunia, juani. Nimemwapia kitasimama kipya kabla ya mwezi kuisha. Mbao ninazo, mwerezi mtupu, zilishushwa na lori ambalo sikuliuliza linatoka msitu gani. Sasa serikali inatangaza kwamba mbao zisizo na muhuri wa msitu zitakamatwa. Nchi inawaka moto tangu uchaguzi, wao wanahesabu miti!

Jumanne, 12 Februari.
Nicanor, fundi wa mbao mtaa wa Silanga, ana kibali cha msitu. Amekibandika mlangoni kama picha ya harusi. Ameniambia nipange foleni kwa afisa wa misitu kama watu wengine. Mimi! Mchongaji wa miaka ishirini, nyuma ya wauza makaa! Nilimshukuru kwa sauti mbaya.

Alhamisi, 14 Februari.
Tayari! Nimechonga muhuri wao kwa mpingo. Herufi zote nimezigeuza kinyume ili zikipigwa zisomeke sawa. Ni mzuri kuliko wao. Kila ubao umeonja wino mwekundu. Mukai aliuliza wino ni wa nini. Nikamwambia ni dawa ya mchwa.

Jumatatu, 18 Februari.
Uonevu mtupu! Afisa Seline amekuja na askari watano. Wa kulinda watu hawaonekani, wa kulinda mbao wamejaa tele! Aliusifu muhuri. Kisha akauliza vialama vile vidogo pembeni ni vya nini. Akatoa kioo cha poda, akavisoma humo. 417. Akachukua kifaru changu cha mbao rafuni, akakigeuza juu chini. 417.

Kwenye ushirika wetu wa wachongaji kila mtu hukata namba yake chini ya kazi yake, mnunuzi ajue ni ya nani. Mkono umezoea, haukuniuliza, wala haukuigeuza kinyume. Mbao zimekwenda zote, na muhuri pia. Nimeitwa ofisini kwao mwezi ujao nikajieleze.

Alhamisi, 28 Februari.
Redio inasema wakubwa wametia saini, wamepatana. Mtaa mzima unashangilia. Mbao zangu hakuna aliyezitaja!

Nilienda Toi. Kibanda cha Mukai kimesimama. Nicanor alikuwa juu anapigilia bati, Mukai anampa misumari. Nilimuuliza mke wangu kwa nini hakunisubiri.

“Nimekungoja, Mwanzia,” alisema. “Mwezi unaisha na bado niko juani.”

Iliniuma sana. Nikajifanya nakagua nguzo. Ziko imara, sikupata kasoro. Lakini muhuri wa serikali juu ya nguzo hizo! Umelala upande, herufi zimevimba, wino umemwagika. Kazi ya aibu kabisa, na ndiyo iliyonifilisi!

Nimerudi karakana, nimeanza kuchonga muhuri mwingine. Safari hii namba siweki, mimi si mjinga. Nitaweka jina tu. Akina Mwanzia tuko wengi.