Yah: Kilo Kumi na Nne za Binti Yangu

Busale, Kyela.

Ndugu Mshauri wa Wanafunzi,

Salamu katika jina la Bwana. Mimi ni mama yake Atupele, mwanafunzi wenu wa mwaka wa pili. Nakuandikia kwa heshima zote, ila nina hasira.

1. Niliwakabidhi mtoto wa kilo themanini. Nilimpima kwenye mizani ya kokoa, karani ni shahidi. Likizo hii nimepokea sitini na sita. Gunia la mchele likipungua hivyo njiani, dereva hulala mahabusu.

2. Nilimpikia wali na samaki wa ziwani, mbasa, akala nusu sahani. Eti chuoni mmewafundisha kuacha nafasi tumboni. Nafasi ya nani? Iliniuma jamani. Nililia jikoni, nikasingizia moshi.

3. Hili ndilo kubwa: anakimbia. Huku kwetu mtu mzima hakimbii alfajiri ila amebeba habari ya msiba. Jumanne ya kwanza ya likizo alipita mbio, jirani yetu Mama Kisa akatupa jembe, akajifunga kanga kiunoni, akamfuata. Wengine wakaja na kuni, mchele na mikeka. Nami nilijiunga njiani, bila kujua kwamba anayetuongoza ni mwanangu. Tulifika wanawake ishirini na sita, na hakuna aliyejua tunamlilia nani. Atupele akasimama kuvuta pumzi mlangoni pa mzee Asajile, aliyekuwa mgonjwa mwezi uliopita. Basi, tukaangua kilio. Mzee akatoka na kikombe chake cha chai! Mpaka leo amenuna, ingawa wali wa msiba wake alikula sahani mbili.

4. Kwa hiyo naomba mnirudishie kilo zangu zote kabla chuo hakijafunguliwa. Mkishindwa, mpeni kengele, atangaze anapopita kwamba hakuna aliyekufa.

Wasalimie walimu, wapishi na walinzi wa getini. Nawaombea afya njema, lakini isizidi hii.

Ndaga fijo, yaani asanteni sana.

Mimi mwenye uchungu,
Tulinagwe, Mama Atupele.

N.B. Tangu Jumanne ile wale ishirini na sita tunamfuata kila alfajiri, bila kulia. Jana nilipandisha ndoo kutoka mtoni bila kupumzika, mara ya kwanza tangu nimzae. Akiondoka nani atatutangulia? Tafadhali ongezeni likizo wiki mbili, na mnitumie raba namba arobaini na moja. Kilo zake bakini nazo. Zangu nne nimeziacha barabarani, msizirudishe.