Damu ya Jobe

Jumatatu, 10 Novemba
Siku mbaya. Nesi Ceesay kapiga simu kunikumbusha kwamba Alhamisi natolewa damu. Nikamwitikia kwa furaha. Furaha ya uongo.

Nina homa ya ini B. Kirusi kile kile kilichomuua baba. Tumbo lake lilijaa maji mpaka hakuna kanzu iliyomtosha. Tangu hapo kila asubuhi nafunga mkanda na kutazama tundu. Leo bado ni lile lile.

Hawa watu wa utafiti wanatafuta dawa ya kukifukuza kirusi moja kwa moja, si kukituliza tu kama vidonge vyetu vya kila siku. Nusu yetu tunachomwa dawa, nusu maji ya chumvi. Nani kapata nini, hata nesi hajui. Lakini mimi Tijan Njie bahati yangu naijua. Maji!

Ndiyo maana nanywa magome ya miti yaliyochemshwa, dawa ya mganga mmoja mzee wa Brikama, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Kwenye utafiti yamekatazwa kabisa. Damu ikinisema, natimuliwa, nami nitakufa kama baba.

Jumanne, 11 Novemba
Nimepata! Jobe!

Jobe ni fundi cherehani, kibanda chake kinatazamana na duka langu la redio. Ni mtani wangu. Njie na Jobe ni watani tangu mababu. Yeye huniita mtumwa na mlafi wa wali. Mimi humrudishia hayo hayo, na nyongeza. Mtani hanuni. Na mtani akiombwa, hakatai.

Basi kwenye chai yetu ya kila siku, raundi ya pili, nikamwambia mtumwa hana damu yake, damu ni ya bwana wake, kwa hiyo Alhamisi akaitoe kwa jina langu. Akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Akasema atakwenda, angalau mara moja damu ya watu wa maana iandikwe kwa jina la Njie.

Alhamisi, 13 Novemba
Mungu mkubwa. Nesi Ceesay yuko safarini, mtoa damu ni mgeni. Jobe kaenda na kofia yangu na kadi yangu. Amerudi na pamba mkononi, anachechemea kana kwamba wamemkata mguu. Kamaliza sahani yangu yote ya wali wa benachin, eti fidia.

Nina akili jamani! Nimekunywa magome vikombe viwili kujipongeza.

Jumatatu, 17 Novemba
Nimekwisha.

Daktari kaniita. Kasema kirusi kimefurika kwenye damu na ini linaumia. Kauliza kama vidonge nilikuwa nawapa kuku. Anataka ini lipigwe picha wiki hii hii.

Nyumbani nimefunga mkanda upya. Umekaza! Nimemwonyesha mke wangu Haddy redio zipi ni za wateja, asije akadhulumiwa nikishaondoka. Kaniuliza nimekula nini.

Alasiri Jobe kaja, anawaonyesha wateja wangu alama ya sindano, anajitapa kwamba kausafisha ukoo wa Njie. Nikacheka na mimi. Halafu nikaacha.

Damu si yangu! Nimeruka, nimembusu Haddy mbele za watu. Kisha nikakaa chini. Damu si yangu. Ni ya Jobe.

Jumanne, 18 Novemba
Nimemwambia. Jobe, ini lako linaharibika, utakufa. Kajibu kwamba wanaokufa ni kina Njie, tena kwa kuvimbiwa. Nikaapa kwa Mungu. Kasema mtumwa haapi bila ruhusa. Nikalia, machozi ya kweli! Kawaita majirani waje wamwone Njie analilia wali.

Kila siku ya maisha yetu tumezikana kwa maneno. Leo nina neno la kweli na halina pa kuingilia.

Akainama kuokota mkasi, akashika ubavu wa kulia, akakunja uso. Kasema ni uchovu tu. Nimeogopa kuliko ninavyoliogopea ini langu.

Jumatano, 19 Novemba
Lazima aambiwe na mtu asiye mtani. Nesi Ceesay karudi. Njiani nimetunga uongo mzuri sana, nilipofika ukanipotea wote. Nikasema kweli, hadi ya magome.

Akafunga faili langu. Kisha akaniuliza nimetaka kuwavurugia matumaini watu wangapi, akasema magome ndiyo yanayommalizia mtu ini. Nimetolewa kwenye utafiti. Vidonge vya kawaida nitaendelea kupewa.

Alinifuata hadi kibandani kwa Jobe, akamwambia kila kitu polepole. Jobe akanigeukia, akisubiri nicheke. Sikucheka. Akaondoa mguu kwenye cherehani, akaniuliza kwa sauti ndogo kama ni kweli. Hakuniita mtumwa. Sijawahi kusikia kitu cha kutisha kama kile.

Ijumaa, 9 Januari
Alhamdulillahi! Ini la Jobe limewahiwa. Vidonge vimemkubali, ananitukana kama zamani. Na amekubaliwa kwenye utafiti! Sindano ya kwanza ni Jumatatu.

Nimefurahi sana. Nimefurahi mpaka usingizi umekatika. Kwa sababu huyu atapata dawa yenyewe, najua, kina Jobe wana bahati ya wezi. Na mkanda wangu leo ni tundu lile lile, lakini nahisi unabana.

Nimeuliza. Jumatatu Nesi Ceesay yuko arusini, mchomaji ni mgeni. Nimeijaribu kofia ya Jobe, imenikaa vizuri.

Kesho, kwenye chai, raundi ya pili, nitamkumbusha kwamba mtumwa hana mkono wake.