Siku Nane Kasorobo Hadi Roma

Jumatatu, 9 Machi 1981
Hyasinta anakwenda Roma kusomea uuguzi! Kwa ndege! Nafasi ilikuwa moja. Sista wa misheni amesema mimi ni wa pili. Nitakwenda iwapo Hyasinta atakataa. Wa pili! Miaka minne alinakili hesabu zangu. Nimempongeza kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

Jumatano, 11 Machi
Nimepima kwa uzi kwenye atlasi. Uwanja wa Kilimanjaro hadi Roma, kama kilomita elfu tano na mia sita. Ndege huenda mia nane kwa saa. Saa saba tu! Haitishi hata kidogo. Lakini basi letu la Arusha huenda thelathini kwa saa. Nikagawanya upya. Siku nane kasorobo! Nimeandika jibu kwa wino. Si uongo. Sikutaja chombo.

Jumapili, 15 Machi
Baada ya misa nilimpa Hyasinta karatasi, nikakimbia kabla hajaifungua. Kufikia mchana Endabash nzima inajua. Hyasinta amelia! Nikafua gauni langu la safari.
Jioni akaja mama yake. Amesema mtoto hawezi kukaa angani siku nane na njaa, kila nyumba ichangie. Mama yangu akamchinja jogoo wangu! Nilipofungua mdomo akaniambia niache choyo, huyo ni mwenzangu. Tena nitabeba gunia la chakula mpaka uwanjani, kwa kuwa mimi ndiye ninayeijua safari.

Jumatano, 18 Machi
Naandika ndani ya basi. Uwanjani, mpokea mizigo aliuliza gunia la nini. Mama Hyasinta akajibu kwa fahari: chakula cha siku nane. Yule bwana alicheka hadi akashika kaunta. "Saa saba, mama! Saa saba!" Wote wakanigeukia. Nikatazama viatu vyangu.
Hyasinta hakukasirika. Hilo ndilo linaloniuma. Alinikumbatia, akanirudishia gunia, akasema, "Kula wewe, Cresensia. Mwenye safari ndefu ni wewe."
Ndege iliruka saa mbili asubuhi. Basi limezama kwenye tope karibu na Makuyuni tangu saa saba mchana. Sasa ni saa kumi. Hyasinta yuko Roma. Mimi nimekula paja la jogoo wangu. La pili ameomba Mama Hyasinta.

Ijumaa, 20 Machi
Leonida wa darasa letu naye amepata nafasi! Dublini, mwezi wa sita. Mimi wa pili tena!
Kosa langu nimeliona. Siku nane ni chache mno, chakula chake hubebeka. Leo nimemfuata punda wa jirani hadi mtoni nikiwa na saa ya Mama. Kilomita nne kwa saa, akiwa na moyo. Uzi ninao bado.
Siku sabini na nane! Tuone kama watapata gunia.