Ada ya Koki Niliyoifunga

Jumanne, 7 Oktoba
Bili ya maji imefika. Mwezi mzima sikufungua koki, makusudi kabisa. Tumechota kwa jirani yangu Ambokile, mweka hazina wa jumuiya yetu ya maji hapa Msalato. Uniti sifuri! Lakini ada ya huduma ipo palepale. Nilimwuliza Ambokile nalipia nini. Akasema ada ni ya kutunza pampu na mabomba, nitumie maji nisitumie. Nikamwambia huo ni wizi mtupu. Akanikumbusha kwamba maji niliyobeba yametoka kwenye koki yake. Na ndoo ni yake.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimepata wazo. Asiye na bomba hadaiwi ada! Nitalikata bomba langu mwenyewe kesho, nilirudishe Ijumaa kabla mama mkwe hajafika kutoka Hombolo. Hajawahi kulala kwangu. Siku ya mahari alisema nina maneno mengi. Safari hii lazima akute maji, chakula kizuri na mkwe mwenye akili. Mke wangu Elieth amesema atashukuru akikuta maji.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimechimba. Bomba nimelipata! Kwa ncha ya sururu. Maji yakaruka kupita paa. Nikalikalia tundu. Halikuzibika. Njia ikawa bwawa, mtaa mzima ukakosa maji, majirani wakaja na ndoo tupu kunitazama nilivyokaa. Hapo ndipo bajaji ikasimama. Mama mkwe! Siku moja kabla! Nikamwamkia shikamoo bila kuinuka. Akaitikia marahaba huku akitazama pembeni.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mungu ambariki Ambokile. Jana ileile alifika na fundi Gaudence, kipande cha bomba jipya na viungio vyake. Jua halijazama, maji yakatoka mtaa mzima. Nikauliza kwa sauti ndogo nadaiwa nini. Akasema vifaa na fundi vimelipwa na ada za wenzangu. Faini ilinistahili, ila kamati imenisamehe kwa heshima ya mgeni wangu. Machozi yalinitoka, sioni aibu kuandika. Nimelipa ada yangu papo hapo. Mama mkwe ameoga, amekunywa chai, akamwambia Elieth kwamba tuna majirani wema sana.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimetoa sadaka ya shukrani kanisani. Nimewaombea Ambokile, Gaudence, pampu, na kila mtu anayelipa ada kwa wakati. Sasa nimeelewa kabisa: ada hutengeneza mabomba yanayoharibika. Jambo jema mno! Nilipokuwa natembea kurudi nyumbani nikaendelea kulitafakari. Mabomba ya wenzangu ni ya zamani. Langu ni jipya, litakaa miaka. Sasa mwezi ujao mimi nilipie nini? Kesho asubuhi namfuata Ambokile nimweleze kwa utaratibu. Nimemwambia Elieth. Amekwenda kuficha sururu.